Vitamini C kwa mshtuko wa sepsisi: unafuu wa bei si hoja

Mwaka 2017 Daktari Paul Marik wa Norfolk, Virginia, alitoa matokeo yaliyowasisimua madaktari wa wagonjwa mahututi. Wagonjwa 47 wa sepsisi kali, yaani maambukizi yanayofanya viungo vya mwili vishindwe kazi na hata presha kuporomoka (mshtuko), walichomwa mshipani dawa tatu kwa pamoja: vitamini C gramu 1.5 na haidrokotisoni (aina ya steroidi) miligramu 50 kila baada ya saa 6, na thayamini (vitamini B1) miligramu 200 kila baada ya saa 12. Walifariki asilimia 8.5. Kati ya wagonjwa 47 waliolazwa kabla yao, bila mchanganyiko huo, walifariki asilimia 40.4.

Waliomuunga mkono hawakuwa wajinga. Presha ya mgonjwa imeporomoka, noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, inapandishwa tena na tena, mfuko wa mkojo bado mtupu, na ndugu wamejaa mlangoni. Dawa zipo, bei yake ndogo, na vitamini C hupungua kweli katika damu ya wagonjwa wa namna hii. Nani angethubutu kuwaambia ndugu wasubiri utafiti?

Lakini kuwapima wagonjwa wa leo kwa wale wa jana ni hatari, maana kati ya makundi hayo hubadilika mengi zaidi ya dawa. Wagonjwa walipogawanywa kwa kura Australia, New Zealand na Brazil, katika jaribio lililotolewa 2020, mchanganyiko haukuwaondoa kwenye dawa za kupandisha presha mapema kuliko haidrokotisoni peke yake. Kisha 2022 likaja jaribio la LOVIT, lenye wagonjwa 872 na dozi kubwa zaidi ya vitamini C. Waliokufa, au ambao viungo vyao vilikuwa bado vimeshindwa kazi siku ya 28, walikuwa asilimia 44.5, dhidi ya 38.5 kwa wasiopewa.

Sisi Afrika Mashariki somo hili tulishalipata kwa uchungu. Jaribio la FEAST la 2011 katika Kenya, Uganda na Tanzania lilionyesha kuwa kuwamiminia haraka maji ya dripu watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko kuliongeza vifo. Maji tu! Ndiyo maana siikubali hoja ya “haina madhara, tujaribu”.

Steroidi nazitazama kwa jicho jingine. Mwaka 2018 Wafaransa waliunganisha haidrokotisoni na steroidi nyingine, fludrokotisoni. Vifo hadi siku ya 90 vikawa asilimia 43.0, dhidi ya 49.1 kwa wasiopewa. Mwaka huohuo ADRENAL, jaribio kubwa zaidi lililotumia haidrokotisoni pekee, halikupunguza vifo, ila mshtuko uliisha mapema. Kwangu hiyo inatosha kuanza haidrokotisoni noradrenalini inapozidi kupanda, baada ya antibiotiki, wala si badala yake. Je, tofauti ililetwa na fludrokotisoni, au wagonjwa wa Ufaransa walikuwa tu mahututi zaidi? Fludrokotisoni ni kidonge kinachopitishwa kwenye mpira wa tumboni wakati utumbo wenyewe haupati damu ya kutosha, kwa hiyo nisingechelewesha matibabu kwa kukitafuta.