Jongoo akishachemshwa, nani atamtambua?

Nilikaa barazani kwa mnunuzi wa jongoo bahari, mnyama laini wa sakafu ya bahari, huko Unguja, nikimtazama mzee mmoja akichambua gunia. Anachukua mmoja, anamgeuza tumbo, anambonyeza kwa kidole gumba, kisha anamtupa kwenye fungu lake. Jongoo mchanga huku, aina iitwayo pauni kule, wasio na bei nyuma yake. Mimi niliona vipande vya tairi vilivyopigwa na jua, basi. Nikamuuliza anawatambuaje, akanicheka. "Mwanangu, huyu namjua tangu yu hai. Wewe unaanza kumjua leo, keshachemshwa."

Shida ndiyo hiyo. Jongoo hana pezi wala miba ya kuhesabu. Akishapasuliwa, akachemshwa, akakwanguliwa ngozi na kuanikwa, rangi imekwenda na urefu umepungua zaidi ya nusu. Wataalamu wa zamani walikuwa na ujanja wao: unakata kipande cha ngozi mfano wa punje ya mchele, unakidondoshea jiki, nyama inayeyuka. Vinavyobaki ni vijiwe vya chokaa ambavyo kwenye hadubini vingine ni kama vimeza vidogo, vingine kama vifungo vya shati. Ni kazi ya dakika chache na haina gharama. Lakini vijiwe hubadilika jongoo anavyokua, na ndugu wa karibu huweza kufanana mno.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa kutambua spishi kwa vinasaba (DNA), sikatai. Tazama pauni mweusi. Kwa miaka mingi vitabu vilimwita Holothuria nobilis, awe wa kwetu au wa Australia. Mwaka 2004 Sven Uthicke na wenzake walisoma vinasaba wakaonyesha kwamba ni spishi mbili: wa Bahari ya Hindi, mwenye mabaka meupe ubavuni, akabaki na jina lake, na yule wa Pasifiki, mweusi tii, akarudishiwa jina la zamani, whitmaei. Mabaka yalikuwapo siku zote, yanaonekana hata na mtoto. Ila yalipata uzito herufi za vinasaba zilipoyaunga mkono.

Wala si ubishi wa wasomi tu. Tangu tarehe 28 Agosti 2020 hao wawili, pamoja na pauni mweupe, Holothuria fuscogilva, wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kuwasafirisha nje kunataka kibali, na kibali kinataka jina la spishi. Afisa wa forodha anayefunguliwa gunia lile la tairi atafanyaje? Hapo ndipo vinasaba humfaa: kuchemsha huvikatakata, lakini vipande vifupi vinavyobaki mara nyingi husomeka.

Ninapogombana na wenzangu ni pale wanapodhani mashine ya kusoma vinasaba ikisema, mjadala umekwisha. Mashine husoma herufi kama 650 za jeni moja, COI, iliyomo kwenye mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati), kisha zinalinganishwa na zilizohifadhiwa kwenye hifadhidata. Aliyeweka sampuli ya kwanza akikosea jina, wote wanaofuata watakosea naye. Halafu mitokondria hurithiwa kwa mama. Jongoo mchanga, Holothuria scabra, na mwenzake wa rangi ya dhahabu, Holothuria lessoni, aliyepewa jina lake mwaka 2009 tu, wamekutwa Pasifiki na machotara wao. Chotara wa namna hiyo ukimpima kwa COI peke yake utaambiwa ni spishi ya mama yake, baba asijulikane kabisa. Kwa matumbawe ndiyo usiseme: jeni hiyo hubadilika polepole kiasi kwamba spishi jirani huweza kufanana herufi kwa herufi.

Niliwahi kuona sampuli zilizosomwa vizuri, kisha mizoga ikatupwa. Picha hakuna, jina la mvuvi hakuna, kwenye chupa imeandikwa namba tu. Matokeo ya mojawapo yalipokuja ya ajabu, hatukuwa na jongoo wa kumrudia. Shelisheli kuna pauni ambaye wavuvi humwita pentard. Kwa miaka mingi aliuzwa na kuhesabiwa kwenye takwimu rasmi kwa jina hilo, sayansi ikiwa haijampa lake. Jina la mvuvi lilibeba mzigo wote huo, nasi tunaona uvivu kuliandika kwenye kibandiko! Piga picha akiwa hai, tia kipande kwenye spiriti (formalini huharibu vinasaba), hifadhi mwili, na andika aliyemleta anamwitaje.

Yule mzee, kabla ya kufunga gunia, alibakiwa na watatu pembeni mwa goti lake. "Hawa siwajui," akasema. "Lakini watanunuliwa kama pauni tu." Akawarudisha guniani. Ningekuwa na pesa ya kupima sampuli tatu, ningeanza na hao.