Samaki huyo ni wa leo asubuhi

Mwandishi, asante kwa kumkumbuka katika makala yako mchoraji wetu wa Kisumu anayechora vyungu, ndizi na samaki mezani. Lakini hapo uliposema picha zake haziuziki kwa kuwa "hazina hadithi", sikubaliani nawe hata kidogo. Mimi ninayo picha yake moja: sufuria iliyobonyea na ngege wawili juu ya gazeti. Ndani ya jicho la samaki mmoja ametia nukta nyeupe, ndogo kuliko punje ya wimbi. Mama yangu, aliyeuza samaki ufukweni Dunga miaka mingi, aliitazama akanyamaza, kisha akasema, "Huyu ni wa leo asubuhi." Hadithi gani tena unataka?

Hata mchoraji Giorgio Morandi wa Italia alichora chupa na mitungi karibu maisha yake yote hadi alipofariki 1964, na leo Bologna ina jumba la makumbusho lenye jina lake.

Tena kazi hii ni ngumu. Rangi ya mafuta huchukua siku kadhaa kukauka, na samaki hangoji rangi. Inabidi mchoraji arudi soko la Kibuye kununua mwingine wa ukubwa uleule. Ukimtembelea tena, tafadhali muulize gharama ya samaki hao.