Gego Langu na Mchanga wa Dagaa

Jamani, mimi nililipia kopo mbili za dagaa, sikulipia mchanga. Lakini hapa Kigoma ukinunua dagaa walioanikwa chini ufukweni, ziwa linakupa na ufuko wake nyongeza. Jumanne usiku niko zangu na ugali wa muhogo, dagaa wamekolea mawese, tonge la tatu nikasikia "kwaa!" ndani ya kichwa. Nikatema kiganjani: punje ya mchanga, na pembeni yake kipande cheupe kama cha sahani iliyovunjika. Gego la chini, kulia.

Usiku kucha ulimi haukutulia. Una mdomo mzima wa kutembea, wenyewe unakwenda kwenye shimo tu. Mama Rehema akanipa karafuu niing'ate, ikanituliza kidogo. Asubuhi nikapanda bodaboda, na kila shimo la barabara likawa linasalimiana na shimo langu.

Daktari ni binti mdogo, rika la mwanangu wa pili. Ameshaniachamisha mdomo ndipo anasema, "Shikamoo baba." Sasa marahaba inatokea wapi?

Nilipopata nafasi nikamuuliza: jino gani hili linashindwa na punje ya mchanga? Akasema tabaka la juu linaitwa enameli, na mwilini hakuna kitu kigumu kuliko hiyo, mfupa haufui dafu. Asilimia 96 ya uzito wake ni madini, kalsiamu na fosfati. Nikavimba kichwa, kumbe nimebeba jiwe! Akanipasua: mchanga ni mgumu zaidi. Halafu akaongeza la kuniudhi. Enameli haina seli hai. Seli zilizoijenga zilishakufa zamani, jino lilipochomoza tu, kama mafundi waliopokea chao wakaondoka na namba ya simu hawakuacha. Mimi niliwahi kuanguka kutoka kwenye mchikichi nikavunjika mguu, mfupa ukaunga. Enameli inayosaga muhogo kila siku ya Mungu ikimeguka ndiyo basi. Nani alipanga kazi hii?

Akachungulia tena. "Baba, mchanga umeusingizia."

Kumbe chini ya enameli kuna dentini, ambayo ni laini zaidi, madini yake kama asilimia 70. Ina vijifereji vidogo sana vinavyoelekea ndani kwenye kiini, kwenye mishipa ya damu na fahamu. Ndiyo maana maji baridi yakipita hapo unaona nyota mchana. Ya kwangu ilikuwa imeoza siku nyingi, enameli imebaki juu kama paa kwenye nguzo zilizoliwa na mchwa. "Chai unatia sukari vijiko vingapi?" Vitatu, nikajibu. Vikombe hakuuliza, nami si mtu wa kusemasema. Anasema bakteria wakipata sukari wanatengeneza asidi, asidi inayeyusha madini ya jino, mate yanahangaika kama nusu saa kuipoza. Nusu saa! Mimi kijiweni muda huo niko kikombe cha pili, na kashata.

Tukaja kwenye kuziba. Kuna amalgamu, rangi ya sufuria, karibu nusu yake zebaki. Zebaki ile ile ya wachimba dhahabu? Akasema ikichanganywa na fedha, bati na shaba inaganda, ila dunia inaiacha polepole. Nikafikiri: fedha mdomoni, mfukoni hamna. Nikakataa. Kuna kompoziti, utomvu uliochanganywa na unga wa kioo, rangi kama ya jino lenyewe, inagandishwa kwa taa ya bluu. Hiyo hiyo, nikasema, Mama Rehema naye aone. Binti akanyoosha mkono kuchukua mashine, umeme ukakatika.

Nikaanza kushuka kitini. "Kaa, baba." Akatoa vijiko vidogo vya chuma, akaanza kukwangua uozo kwa mkono kama anayekwangua ukoko wa wali. Anasema njia hii ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme, ndipo ikaenda duniani. Ningejivunia vizuri tu, lakini nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Kisha akakoroga unga wa kioo na asidi, kitu kinaitwa glasi ionoma. Chenyewe kinashikana na kalsiamu ya jino, na kinatoa floraidi taratibu. "Ila hakina nguvu kama vile vingine, baba. Vigumu usitafunie huku."

Nikapitia sokoni nikiwa na hasira zangu zote. Mama wa dagaa akanisikiliza hadi mwisho, akanionyesha fungu jingine: hawa wameanikwa kichanjani, baba, mchanga hawaujui. Nikauliza bei. Akaitaja.

Nikamwambia anipimie wale wale wa chini, kopo mbili. Nitatafunia kushoto.