Mwacheni Mchina Apike Kichina

Sisi wateja tunakiua chakula cha Ami, na tunakiua kwa upole, kwa tabasamu na kwa pesa zetu wenyewe. Ami ana mkahawa mdogo upande wa Kiembesamaki, hapa Unguja, na mimi nimekuwa mtu wa pale kiasi kwamba nyumbani wameacha kuniuliza niko wapi. Ami ni Mchina wa Kihui, Wachina walio Waislamu, na ametoka jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi ya nchi yao. Ami si jina lake, ndivyo wateja walivyomzoea tu. Nikiingia haniletei orodha ya vyakula. Ananitolea assalamu alaykum, namwitikia, na mpaka nivute kiti yeye keshafika jikoni.

Hiyo orodha ndiyo inayonitia wasiwasi. Alipofungua ilikuwa karatasi moja, na vyote vilivyoandikwa vilikuwa vya kwao. Leo ina kurasa kadhaa na picha juu. Zilianza chipsi. Chipsi zikamwita mwenzao, chipsi mayai. Akafuata kuku wa kukaanga na tomato sosi ya chupa, kisha ukaja wali wa mayai wa rangi ya manjano ambao Ami mwenyewe sijapata kumwona akiula. Na jiko lina moto wake na mikono yake, kwa hiyo kila kinachoingia kinatoa kingine. Tango la kupondwa kwa ubapa wa kisu, likatiwa kitunguu saumu na siki nyeusi, limefutwa. Chai ya Kihui ya kikombe chenye mfuniko, yenye kunazi kavu, zabibu na sukari mawe, nayo imetoka, na pale ilipokuwa birika yake sasa pana friji ya soda. Mishikaki ya kondoo ya uzile na pilipili, iliyokuwapo kila siku, imebaki kuwa ya Ijumaa.

Kilichosimama bado ni supu ya ng'ombe na tambi za kuvuta kwa mkono, ya mji wa Lanzhou. Ikiondoka hiyo, pale patakuwa mahali pa chipsi penye taa nyekundu mlangoni.

Lanzhou ni mji mkuu wa Gansu, na supu hiyo watu wa huko wanaila asubuhi kabla ya kazi, kama sisi tunavyopita kunywa supu na chapati. Inasimuliwa kwamba aliyeipa sura yake ya leo ni Mhui mmoja, Ma Baozi, aliyekuwa akiiuza mitaani kwa mzega mnamo mwaka 1915. Ina masharti matano. Mchuzi uwe safi, uone mpaka chini ya bakuli. Figili iwe nyeupe. Mafuta ya pilipili yawe mekundu. Kotmiri na majani ya kitunguu saumu yawe mabichi ya kijani. Tambi ziwe na umanjano. Kikikosekana kimoja, Mlanzhou anainuka anaondoka.

Huo mchuzi safi ndio unaowadanganya wengi wetu. Mpemba au Muunguja akiona mchuzi hauna tui, hauna nyanya, hauna rangi, anadhani haujaiva. Kumbe mifupa imechemka usiku kucha na tangawizi, mdalasini, iliki kubwa nyeusi, zile pilipili za Sichuan zinazotia ganzi ulimi, na karafuu. Karafuu Ami ananunua Darajani. Ananusa moja moja kama fundi wa dhahabu, anarudisha zisizokuwa na kichwa, na muuzaji anabaki kunung'unika. Nikacheka kwanza, halafu nikakumbuka kuwa maofisa wa Uchina ya kale, enzi ya Han, walitakiwa kutafuna karafuu kabla ya kusema mbele ya mfalme, ili vinywa vinukie vizuri, zaidi ya miaka 1,500 kabla mkarafuu wa kwanza haujapandwa Unguja. Zilikuwa zikitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, wakati huo. Kwa jambo la karafuu, basi, sisi ndio wageni.

Tambi ndizo za kuangalia. Donge la unga lina chumvi na kitu kinachofanana na magadi, ambacho asili yake ni majivu ya mmea wa jangwani. Bila hicho donge linakatika. Ami analipiga ubaoni, pa!, unga unaruka mpaka kwenye ndevu, analivuta mpaka mikono yote miwili imenyooka, anakunja, anashika ncha, anavuta tena. Kila mkunjo unazidisha mara mbili: mbili, nne, nane. Ukifika mkunjo wa nane ana nyuzi 256 mkononi na hakuna iliyoshikana na mwenzake. Kutoka donge mpaka sufuria hata sala za mtume tatu hujamaliza kusoma. Na wewe ndiye unayechagua unene: nyembamba kama unywele, za mviringo wa kawaida, bapa kama jani la kitunguu, au pana kama mkanda wa suruali. Mimi ni mtu wa jani la kitunguu. Zile za unywele zinalegea bakulini kabla hujamaliza kumjibu mtu simu.

Sasa mbele ya kazi hiyo, kijana mmoja alisimama kaunta, akaangalia donge linavyovutwa, akasema: "Ami, nipe chipsi kavu." Mwingine alionja, akauliza mbona tambi hazina sukari, maana kwao tambi ni za futari, na iliki na zabibu. Huyo wa pili namwelewa, aliuliza kwa sababu alionja. Wa kwanza ndiye ninayegombana naye.

Na namgomba kwa sababu sisi Wazanzibari tunaujua ugonjwa huu, umetupata. Nenda hoteli za pwani ya mashariki ukaagize pweza wa nazi. Unaletewa kitu cheupe kitamu kitamu, hakina ndimu, hakina pilipili, kimepambwa na jani. Mpishi ni mtoto wa Jambiani, anajua kabisa mama yake anavyompika pweza, lakini ameambiwa wageni hawataki. Urojo siku hizi unauzwa bila ukali, ukwaju umepunguzwa mpaka ni kama uji. Forodhani pizza ya kukaangwa inatiwa chokoleti na ndizi. Tunakaa barazani tunalalamika: watalii wametuharibia chakula, hawataki kujifunza, wanataka cha kwao kwa jina la kwetu. Halafu tunainuka hapo barazani tunakwenda kwa Ami kuagiza kuku na tomato sosi.

Shangazi yangu hakubaliani nami, na hoja yake ni nzito. Nilimpeleka Ijumaa moja. La kwanza, aliuliza habari ya nguruwe, tena kwa sauti. Nikamwonyesha ukutani maandishi ya Kichina ya qingzhen, ambayo Wahui huyaweka kwenye maduka yao kuonyesha kuwa chakula ni halali, na pembeni yake bismillahi iliyoandikwa kwa khati yao ya mkono mpana. (Kwa mikahawa mingine ya Kichina usibahatishe. Uliza nguruwe, uliza mafuta yake, na uliza mvinyo wa kupikia, kwa sababu huo hutiwa kwenye nyama bila mtu kuona kuwa ni jambo.) Akala. Akasema mchuzi umepikwa na mtu mwenye subira. Kisha akaomba ndimu.

Nikamwambia: "Shangazi, kuna siki yao hapo, jaribu hiyo kwanza."

"Mwanangu," akanijibu, "biriani nani kaileta hapa? Halua je? Boko boko? Mkate wa ajemi unaitwa hivyo kwa nini? Wangekuja wenyewe wakasema msitie nazi, msitie ndimu, leo ungekula nini?"

Ndimu ikaja, akaikamua, akanywa mpaka chini.

Ni kweli. Jiko letu zima limejengwa kwa vitu vya watu, na hata Uchina wenyewe chakula chao kila kilipokwenda kilibadilika. Ramen ya Wajapani ilianza na tambi za Wachina. Kule Peru wana mikahawa yao inayoitwa chifa, na watu wanajivunia. Vile vyakula vya "Kichina" unavyovikuta kwenye mikahawa mingi ya Dar, kuku wa manchurian na wenzake, vimezaliwa India, havikuzaliwa Uchina, na ni vitamu. Sina ugomvi na hivyo.

Lakini angalia namna vilivyopatikana. Aliyeiingiza biriani nyumbani kwa Mswahili alikuwa ameshaila biriani. Aliijua, akaipenda, kisha akaisogeza kidogo kidogo, vizazi viwili vitatu, mpaka ikawa na rojo lake pembeni na wali wake pembeni. Shangazi mwenyewe alionja kwanza ndipo akataka ndimu. Hiyo ni kuzungumza na chakula. Anayeingia kwa Ami na kuagiza chipsi kavu hajabadilisha chochote cha Lanzhou, amekiruka tu. Na wakirukaruka wa kutosha, Ami hana sababu ya kuamka saa tisa usiku kuangalia mifupa.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba sisi na Wachina si watu wa juzi. Magofu ya mwambao huu yamejaa vigae vya kaure ya Kichina. Kajengwa, karibu na Makunduchi, mwaka 1945 lilifukuliwa lundo la sarafu za Kichina, nyingi za enzi ya Song. Zheng He, aliyeongoza merikebu za mfalme kuanzia mwaka 1405 mpaka baadhi yake zikafika pwani yetu ya Afrika Mashariki, alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu huko Yunnan. Madaktari wao wako hapa tangu 1964, Mnazi Mmoja na baadaye Mkoani kule Pemba, na wazee wengi wana mshono wa Mchina mwilini. Sahani zao tulizipachika kwenye kuta za nyumba na kwenye makaburi ya wakubwa, tukazipanga kwenye zidaka. Kilichokuwa kikipakuliwa ndani ya sahani hizo hatukukijua. Leo kipo Kiembesamaki, kwa bei isiyozidi sana sahani ya pilau ya mjini, na tunaomba chipsi.

Nilimuuliza Ami mwenyewe kama haimuumi. Alifuta mikono kwenye aproni, akasema kwa Kiswahili chake kifupi: "Mteja anataka." Ana kodi, ana unga wa kununua, ana watoto wawili skuli hapa hapa. Mtu hawezi kumlaumu, wala simlaumu. Ndiyo maana nasema kazi hii si yake, ni yetu tunaokula pale kila mara. Orodha ya vyakula inaandikwa na wanaoagiza. Tango lilifutwa kwa sababu wiki nzima hakuna aliyelitaja, na mimi niliyekuwa nikilipenda nilikuwa nimeshughulika na supu.

Kuna wanaoniambia najidai, ati mtoto wa Mwembetanga anawafundisha watu kula Kichina. Wacha niitwe hivyo. Rafiki mmoja aliniambia mkahawa mzuri ni ule unaokupa unachotaka. Chakula ninachokitaka na ninachokijua ninacho kwa mama, bure, na kwa mchuzi wa kuongezwa. Sikuona haja ya kupanda daladala mpaka Kiembesamaki kwenda kukinunua kikiwa kimepikwa vibaya zaidi.

Kwa hiyo, ukienda, nenda asubuhi, kabla ya saa tatu, mchuzi ukiwa bado haujaongezwa maji. Mwezi wa Ramadhani anafungua baada ya tarawehe, na ndio wakati ambao anakaa na watu. Taja unene wa tambi kabla hujakaa, maana donge halingoji. Kunywa mchuzi vijiko viwili kabla hujatia kitu, kisha tia siki, kisha pilipili. Kama baada ya hapo unataka ndimu, chukua, Shangazi atakuunga mkono. Vijiti vikikushinda omba uma, hakuna atakayekucheka, na tambi ndefu zinavutwa kwa mdomo kwa sauti, usione haya. Muulize tango. Mwenzako naye amuulize tango. Mishikaki ni Ijumaa baada ya sala, na inakwisha haraka, basi ukinitangulia niwekee miwili.