Misali: baruti, njaa na khutuba

Wapemba husimulia kwamba Nabii Khidhri, wenyewe humwita Hadhara, aliwakuta wavuvi kisiwani akawaomba msala, yaani mkeka wa kuswalia. Hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, basi hicho ndicho msala wake, na jina Misali likatoka hapo. Kama ni kweli au si kweli, sitalumbana na mtu. Mvuvi aliyelelewa na kisa hicho haoni pale mawe na mchanga tu.

Misali iko magharibi ya Pemba. Ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, lakini uvuvi wa baruti haukomi kwa tangazo. Mwaka 1999 taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Uingereza, IFEES, ikishirikiana na shirika la misaada la CARE, ilianza kukaa na wavuvi na masheikh. Mazungumzo yakahama kutoka kwenye faini, yakaingia kwenye ukhalifa wa binadamu, yaani dhamana yake ya kuitunza dunia, mizani ya maumbile, na aya ya 41 ya Sura Rum: ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa waliyoyatenda watu kwa mikono yao.

Wanaoisifu njia hii ya kulinda bahari kwa dini wana hoja nzito. Boti ya doria huishiwa mafuta, na askari hulala. Anayeamini kwamba Mungu anamwona hahitaji kuviziwa.

Wanaoitilia shaka nao wana lao, tena kutoka kwenye fiqhi, sheria ya dini hiyohiyo: dharura huhalalisha kilichoharamishwa. Baba ambaye dema lake, mtego wake wa samaki, limetoka tupu siku nne, utamwambia nini kuhusu mizani?

Nikiri, swali hilo lilinikalisha kimya. Lakini kanuni hiyo ina mwenzake: dharura hupimwa kwa kiasi chake. Njaa ya leo inataka kitoweo cha leo. Baruti inaua changu mkubwa pamoja na wadogo wasioliwa, na inavunja tumbawe ambalo dema la mwakani lingetegwa kandoni mwake. Hapo kiasi kimepitwa.

Tatizo ninaloliona mimi liko kwingine. Khutuba humwandama mvuvi kwa sababu ndiye anayekamatwa na ushahidi mkononi. Aliyemuuzia baruti hana njaa. Mchuuzi anayepokea samaki waliopasuka matumbo, akijua fika wamevuliwaje, hana dharura yoyote ya kujitetea nayo. Huyo hutajwa nadra mimbarini, na pengine ndiye aliyechangia zulia la msikiti.