Injinia wa Bandarini Akitaka Uwakili

Mwezi jana mpwa wangu alikuja kwangu Tudor, hapa Mombasa, baada ya Isha, akakaa kimya mpaka kahawa ikapoa. Ana miaka 34. Ni injinia wa umeme, na mwaka wa nane huu anashughulika na kreni za kupakulia kontena bandari ya Kilindini. Mwisho akasema, "Mjomba, nataka kwenda kusomea sheria." Mamake keshalia. Babake kafurahi, anamwona tayari amevaa joho. Nami, mhandisi wa majengo wa miaka mingi, nikamwomba anipe siku chache nilifikirie.

Nianze na miaka, maana ndiyo inayouma. Shahada ya sheria kwetu Kenya ni miaka minne. Baada yake kuna Chuo cha Sheria cha Kenya kule Karen, Nairobi, chenye mitihani tisa, na miezi sita ya kujifunza kazi chini ya wakili mwenye uzoefu. Ndipo mtu humwomba Jaji Mkuu amkubali awe wakili. Kijana wetu atakuwa amefika arubaini, ana watoto wa kulipiwa karo, naye analipa yake. Shahada anaweza kuisomea hapa hapa, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kina tawi Mombasa linalofundisha sheria. Karen hana pa kuikwepea. Na siku ya kwanza ya kazi atakaa meza moja na vijana wa miaka 25 wasiokuwa na mke wala kodi ya nyumba, wote wanagombania mteja mmoja.

Hapa watu wengi huchanganyikiwa kwa sababu visa vingi wanavyosoma vya mainjinia waliogeuka mawakili vinatoka Marekani. Kule shule ya sheria huingiwa na mtu aliyekwisha kuwa na shahada, yoyote ile, naye huimaliza kwa miaka mitatu. Isitoshe, anayetaka kusimamia maombi ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya alichovumbua, kwenye ofisi yao ya serikali sharti awe na elimu ya sayansi au uhandisi, kwa hiyo shahada ya kwanza inamfungulia mlango. Kwetu injinia huanza upya pamoja na waliotoka kidato cha nne. Tena cheti chenyewe cha kidato cha nne kinamfuata: sheria ya 2012 ya Chuo cha Sheria inataja alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili, na maana ya kifungu hicho imebishaniwa kortini zaidi ya mara moja. Mtu aliyepata A ya hesabu na fizikia huenda akakwama kwa insha aliyoiandika akiwa na miaka 18.

Kwa hesabu hizo mamake ana haki ya kulia. Lakini kuna jambo nililoliona kwa macho yangu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa korti ya Mombasa kutoa ushahidi juu ya nyumba iliyopasuka kuta. Ufa ulianza kwenye pembe ya dirisha, ukashuka kwa vidato ukifuata viungo vya matofali, mpana juu, mwembamba chini. Fundi yeyote akiuona anajua kwamba msingi umetitia upande mmoja. Wakili wa upande ulioniita alikuwa na picha ya ufa huo mkononi. Aliniuliza nilifika lini, nani aliniita, na kama sahihi ni yangu. Akaketi. Wa upande wa pili akaniuliza kama saruji ikikauka hupasuka. Nikasema ndiyo, kwa sababu ni kweli. Hakuna aliyesimama tena kuniuliza kama ufa huu ulikuwa wa namna hiyo, na shahidi hujibu alichoulizwa tu. Nilishuka pale nimesema kweli, na kweli yenyewe imebaki kwenye picha.

Tazama pia kesi ya Owino Uhuru, kijiji kilichotiwa sumu ya madini ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na mwaka 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha. Kesi za namna hiyo hutegemea vipimo, kiasi gani kwenye damu na kiasi gani kwenye udongo. Mji wenye bandari, matangi ya mafuta na viwanda hautaishiwa kesi ambazo ukweli wake umo ndani ya namba, na wakili anayezisoma mwenyewe bila kusubiri kuelezwa ni hazina.

Wenzangu wakanishauri nimwelekeze njia ya kati. Awe shahidi mtaalamu, au asomee usuluhishi, ule wa kuamua migogoro nje ya korti, kwani msuluhishi wa migogoro ya kandarasi halazimiki kuwa wakili. Leseni yake ya uhandisi ibaki hai, mshahara usikatike. Kwa injinia aliyechoshwa na bosi, au anayedhani mawakili wote wana pesa, nakubali kabisa, na huyo ningemkataza asiguse kazi yake.

Nikamuuliza basi ni kitu gani hasa kinachomsukuma. Akanieleza habari ya kuli mmoja aliyevunjwa mguu na mzigo, waya wa kreni ulipokatika. Daftari la ukaguzi lilionyesha waya ule ulipaswa kubadilishwa wiki tatu nyuma. Aliliona yeye mwenyewe, ukurasa una alama ya kidole cha grisi. Mwanasheria wa yule kuli hakujua kwamba daftari kama lile huwapo, kwa hiyo hakuliomba. Yule bwana alilipwa kidogo, sasa anauza maji ya chupa Likoni.

Hapo njia ya kati ikanifia mikononi. Usuluhishi ni wa wenye mkataba wa kandarasi na pesa za kumlipa msuluhishi. Kuli hana kifungu cha usuluhishi mfukoni. Shahidi mtaalamu naye husubiri kuitwa, na wa kumwita ni yule yule asiyejua kuna daftari. Anayemfaa kuli ni mwenye haki ya kudai ukurasa ule ufikishwe mbele ya hakimu, na mwenye haki hiyo ni wakili.

Nilimwambia aende. Asijiuzulu mwaka wa kwanza, atafute masomo ya jioni na kuwaomba wenzake wabadilishane zamu, na leseni ya uhandisi ailipie kila mwaka hata akiona haina kazi. Jumamosi alirudi na cheti cha KCSE, kile cha kidato cha nne, alichokitoa kwenye kabati la mamake, kimekunjwa mara nne. Kiingereza C+. Kiswahili B+. Tukavuta karatasi, tukaanza kupiga hesabu ya karo.