Kupeleka Ndizi Tukuyu

Mpiga picha za harusi unamjua kwa begi lake. Jeusi, zipu kila kona, na mwenyewe kalikumbatia hata akisinzia. Ukipita nalo sokoni Mwanjelwa jioni ni sawa na kujitangaza. Kwa hiyo nilipopata kazi ya sendofu Tukuyu niliamua kusafiri kama mtu ambaye hana cha kuibiwa: koti lililochakaa, kandambili, na begi la shangazi kaja. Kamera nikaiviringisha kwenye blanketi, nikaizamisha chini kabisa. Juu yake nikasimamisha mkungu wa ndizi nilioununua palepale sokoni. Nani ahangaike na ndizi Mbeya hii?

Stendi ya Nane Nane, konda alinizuia mlangoni.

"Kaka, hii inaenda Tukuyu."

"Najua."

"Na hizo ndizi?"

"Nazo zinaenda Tukuyu."

Akamwita dereva aje aone.

Kwa msomaji wa mbali: ndizi tunazokula Mbeya mjini nyingi zinatoka Rungwe, wilaya yenye huo mji wa Tukuyu. Kila siku zinapanda na magari kuja mjini. Za kurudi hazijawahi kuonekana. Kabla hatujaimaliza Uyole costa nzima ilikuwa na maoni. Mmoja alisema naenda kutoa posa na wakwe watanitimua. Mzee wa siti ya nyuma akasema hapana, hayo ni masharti ya mganga, na aliyekuwa kando yangu akasogea dirishani mpaka shavu likagusa kioo. Nilitaka nisitazamwe, sasa hata waliosimama walikuwa wanainama kunitazama.

Kiwira ndiyo ilinimaliza. Gari liliposimama, wauzaji walikuja mbio na ndizi zao, konda akawapigia kelele: "Huyu msimsumbue, kaja nazo kutoka Mbeya!" Wakaacha kuuza, wakazunguka dirisha langu.

Hapo akapanda mama mmoja na ndoo yake. Nikamwamkia, shikamoo mama, hakuitika. Alikuwa anakodolea kikonyo cha mkungu, kilichofungwa kipande cha kanga nyekundu.

"Mwanangu, hizi ndizi zangu. Nimemuuzia mchuuzi juzi. Zina kasoro gani mpaka mnazirudisha?"

"Hazina kasoro, mama."

"Basi hela sirudishi!"

Nikaapa sitaki hela. Hilo likamtia wasiwasi zaidi. Akaushika mkungu na kuuchomoa aukague mbele ya mashahidi, na blanketi likaja nao. Kamera ikabaki wazi, na lenzi yake ndefu, ikiangalia abiria wote.

"Kumbe mwandishi wa habari!" konda akashangilia.

Basi, siri ikaishia hapo. Konda alitaka picha akining'inia mlangoni. Mzee wa mganga alivaa kofia vizuri, akauliza itatoka lini gazetini. Mama alipiga akiwa ameupakata mkungu, bila kucheka hata kidogo, akanipa namba nimtumie. Picha yenyewe ni nzuri kuliko zote za sendofu ile, na Bwana harusi asisome hapa.

Tukuyu tulishuka na mvua. Mimi kamera shingoni, ndizi sina: mama alikuwa ameondoka nazo, nami sikuthubutu kumdai. Nilipogeuka nilimwona kwenye gari la mizigo, anabishana bei na mchuuzi. Mkungu wenye kanga nyekundu ulikuwa tayari umepakiwa, unarudi Mwanjelwa.